Programu za mazoezi ya goti ziwe za Kiswahili

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mama yangu kabadilishiwa goti huko Dar, oparesheni imeenda vizuri namshukuru Mungu, ila akaruhusiwa akarudi Songea na huku mtu wa mazoezi ya viungo kumpata ni kazi, na goti bandia usipolifanyisha mazoezi linakakamaa. Basi mdogo wangu akampakulia programu kwenye simu, inalia asubuhi mchana jioni, inaonyesha video za kuchezesha kifundo cha mguu ili damu isigande, kukaza misuli ya paja, kukunja goti taratibu lifike nyuzi 90 na zaidi. Imemsaidia sana, kwa kweli.

Tatizo ni Kiingereza tupu! Mjukuu akienda shule mama anaangalia picha tu. Alikuwa akilala anaweka mto chini ya goti maana anapata nafuu, kumbe ndo inakatazwa, goti linaweza kushindwa kunyooka kabisa, na onyo lipo humohumo kwenye programu ila atalisomaje?

Naomba wizara na hospitali zinazofanya oparesheni hizi watutengenezee ya Kiswahili, video zikae kwenye simu bila kula bando, na iseme wazi kigimbi kikivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa au pumzi kubana, wahi hospitali hapohapo usisubiri kliniki. Na iwekwe namba ya nesi anayepokea simu, tafadhali.

Msomaji wenu, Songea