Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shamba letu la Viungo, Dagoretti

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Tulipanda, tukapalilia, tukavuna, sitarudia mnayoyajua. Tangawizi, manjano, pilipili na dhania viliingiza shilingi 61,400, matumizi yakawa 38,900, baki iko benki. Mweka hazina anazo risiti.

Nataka nikae kwenye suala la mbolea, kwa sababu limesemwa sana nikiwa sipo. Ni kweli, mwezi wa Machi nilikataa majani makavu kufukiwa kwenye matuta. Ni kweli pia nilinunua magunia 40 ya mbolea ya kuku kwa shilingi 14,000 kabla kamati haijakaa. Mvua ilikuwa imeshatanda, na kamati ilikuwa imekosa akidi mara mbili. Ningefanya nini?

Majani makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Ukiyafukia kabla hayajaoza, viumbe vidogo vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, mmea ukabaki na njaa. Dhania yetu ya mwaka juzi ilipauka hivyo hivyo, na lawama nikabeba mimi. Safari hii tuliyapanga tabaka kwa tabaka na mbolea ya kuku, tukayamwagilia na kuyageuza kila wiki mbili. Mvua za Oktoba zilikuta mboji nyeusi, tukaitia kwenye dhania na pilipili. Tangawizi tuliitandazia majani juu tu, bila kufukia: unyevu ulikaa na magugu yakapungua.

Kuhusu lile lori la majani ya mkaratusi, nililirudisha mimi. Yalikuwa ya bure, lakini yana mafuta na kemikali zinazozuia mbegu kuota. Likija tena nitalirudisha. Majani ya mijakaranda na migrevilea yanatutosha, ingawa ya mgrevilea huchelewa kuoza.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko 37, lakini Jumamosi nyingi tuligeuza rundo watu wanne, mimi nikiwemo. Wanachama 19 wana deni la ada, jumla 27,600. Hela hizo ni karibu mara mbili ya ile mbolea ninayolaumiwa.

Mwakani, Mungu akijalia, tungependa kuchimba shimo la pili la mboji na kutafuta soko la manjano ya kusaga.

Rundo la sasa litageuzwa Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi. Majembe yako stoo.

Mwenyekiti