Redio Isiyoshika Stesheni

Ngamiani, Tanga

Kwako ndugu yangu Hemedi,

Salamu nyingi sana. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaona, barua za shule bado sijazisahau! Shemeji na watoto wasalimie, na yule mdogo mwambie tochi yake imepona, nitaileta mwenyewe.

Siku ile uliponipigia kuniuliza habari za lile dude langu la kupimia redio na sabufa mbovu nilikujibu juu juu, maana nilikuwa nawasikia wateja wako wanavyokusumbua dirishani. Leo Ijumaa nimefunga kibanda mapema, nikaona nikuandikie kwa kituo. Huko Kilwa unakotegemea sola, na kazi zako nyingi ni redio, tochi na taa za wavuvi wa dagaa, nadhani litakufaa kuliko linavyonifaa mimi.

Lilianza kwa aibu. Jamaa aliniletea redio ya gari, haiwaki. Nikafungua, nikakuta waya wa chanya umekatika karibu kabisa na bodi. Nikasema moyoni, hii pesa ya bure. Nikaulehemu, nikaichomeka redio moja kwa moja kwenye betri yangu ya 12V, ile ndogo ya 7Ah. Hemedi, hata bismillahi sikuimaliza. Njia ya shaba ilibanduka kwenye bodi kama gaga la kidonda, moshi ukatoka, waya wangu mwekundu ukayeyuka ukaganda mezani. Kumbe aisii ya sauti, kile kidude cheusi chenye miguu, ilikuwa na shoti siku nyingi, na ule waya haukukatika wenyewe. Kuna fundi aliyenitangulia: aliona balaa, akaukata, akamrudishia mwenye redio bila kumwambia kitu. Nikalipa mimi. Betri zile ndogo tunazidharau, lakini zikipata shoti hazina huruma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofunga, na ukikosa nafasi ya kufunga mengine funga hiki tu, ni balbu. Balbu ya indiketa ya pikipiki, 12V 10W, ikae kwenye njia ya chanya kati ya betri na kile unachokitengeneza. Umeme wote upite kwake kwanza. Kitu kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na inabana mkondo usizidi ampea 0.8 hivi. Bodi inasalimika na ugonjwa umeshaujua. Mzee wetu wa kule Gerezani, Dar, aliyetufunza ufundi, alikuwa na hiyo hiyo kwa umeme wa ukutani, ile balbu ya 100W iliyokuwa ikining'inia juu ya meza yake. Unaikumbuka? Miaka miwili tuliikalia chini tukidhani imewekwa kwa ajili ya mwanga.

Kuisoma utazoea baada ya siku tatu. Ukiwasha ikamulika mara moja kisha ikafifia, hizo ni kapasita kubwa, zile zinazotunza umeme, zinajaa, endelea na kazi. Ikiwaka ikabaki inawaka, chomoa. Isipowaka kabisa na kitu chenyewe kimya, njia imekatika mahali, anza na fyuzi na swichi. Ile ninayoipenda ni pale sabufa inapoanza kupiga na balbu inapepesa kwa kufuata besi. Hapo najua mgonjwa amepumua, namhamishia kwenye balbu kubwa. Maana mimi nimefunga tatu: 5W kwa redio ndogo na tochi, 10W kwa kazi za kawaida, na 21W ya taa ya breki kwa sabufa na redio za gari. Nachagua kwa swichi ya kuzungusha. Nafasi ya nne inakwenda moja kwa moja, bila balbu, na hiyo siigusi mpaka nimeridhika. Dukani uwe macho, siku hizi ukiomba balbu ya indiketa unapewa ya LED. Hiyo haifai. Taka ile yenye kiwaya ndani, kwa sababu kiwaya kikiwa baridi kinapitisha umeme kwa urahisi na kikipata moto ndipo kinabana. Kazi yote iko hapo.

Karibu na kichwa cha betri, usizidi shubiri moja, weka fyuzi ya 3A. Baada ya fyuzi weka dayodi ya 1N5408, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kutoka hasi kwenda chanya, kwa kinyume. Siku kijana wako atakapogeuza klipu, na atazigeuza, itakatika fyuzi peke yake.

Cha pili ni umeme wa kupanda na kushuka. Nimetumia LM317, aisii ya kurekebisha volti, pamoja na rezista ya omu 240 (nyekundu, njano, kahawia) na volyumu ya 2K. Michoro mingi inasema 5K, lakini kwa betri ya 12V volyumu ya 5K inakuchosha bure: unazungusha kidogo tu ushafika juu, kilichobaki hakifanyi kitu. Ukishusha mpaka chini unapata 1.25V, juu unapata kama 10V, kwa sababu aisii yenyewe inajilia volti zake mbili hivi. Hapo unawasha redio ya mawe mawili kwa 3V, tochi kwa 3.7V, na yale makorokoro ya watoto ya 6V.

Sasa sikia nilivyoumbuka. Ile ya kwanza niliifunga kama ninavyofunga 7805, ile aisii ya kutoa 5V, tumbo mbele, kushoto umeme unaingia, katikati hasi, kulia unatoka. Ikapata moto mpaka nikatema mate kwenye kidole. LM317 miguu yake siyo hiyo! Kushoto ni mguu wa kurekebisha, katikati ndiyo unatoka, kulia ndiyo unaingia. Na lile bati la mgongoni limeungana na mguu wa katikati, kwa hiyo ukilikaza kwenye chuma kinachogusa hasi umetengeneza shoti kwa mkono wako. Weka kile kikaratasi cha maika kisichopitisha umeme na kishikizo cha plastiki. Bati la kupozea liwe la kutosha pia, kwani ukitoa 3V kwa nusu ampea, wati nne na nusu zinageuka joto hapo hapo.

Kipimo cha njia, kile cha kulia piii, sina haja ya kukueleza: mawe mawili, kibaza kidogo, waya mbili. Kinakwambia njia ipo, hakikwambii ina ugumu kiasi gani. Na kupima LED ni rezista ya 1K kutoka kwenye 12V, basi.

Raha yenyewe ni sauti. Humo ndani nimeweka vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja, kimoja kinapiga kelele na kingine kinasikiliza. Cha kupiga kelele ni 555, aisii iliyotoka 1972, imetuzidi umri sote wawili na bado inauzwa kama karanga. Mguu wa 1 hasi, wa 4 na wa 8 chanya, wa 2 na wa 6 viunganishe. Kati ya 8 na 7 weka 1K, kati ya 7 na 6 weka 6.8K, kisha kapasita yenye namba 104, yaani maikro 0.1, kutoka wa 2 kwenda hasi. Mguu wa 3 unatoa mlio wa kama mizunguko 1,000 kwa sekunde. Upitishe kwenye 104 nyingine na volyumu ya 10K kabla haujafika kwenye ncha ya kugusia bodi. Mlio wake ni mkali, umebeba masafa mengi ya juu, ndiyo maana hata ukiuingiza kwenye hatua ya kati ya redio ya AM, ile ya 455kHz, unatokea kwenye spika.

Cha kusikiliza ni LM386, aisii ya kukuza sauti, na spika ndogo. Kati ya mguu wa 1 na wa 8 weka kapasita ya maikro 10, ikupe nguvu ya mara 200. Hapa usiipe 12V ya betri, maana betri iliyojaa inapita kiwango chake. Mimi nimeweka 7809, aisii ya kutoa 9V, na zote mbili, 555 na 386, zinakula 9V kutoka hapo. Kwenye ncha ya kusikilizia weka 104 ya volti 100 au zaidi, ili volti za bodi zisiingie ndani.

Wiki iliyopita nililetewa sabufa, inawaka taa zote, sauti hakuna. Zamani ningeanza kubadilisha aisii. Safari hii nilibana klipu nyeusi kwenye hasi ya bodi, nikatia mlio pale inapoingia waya ya simu, nikaanza kusikiliza. Kabla ya volyumu, upo. Baada ya volyumu, upo. Mguu wa kuingilia wa TDA2030, aisii ya sauti ya sabufa, kimya. Katikati hapo kuna kitu kimoja tu, kapasita ya maikro moja. Niliigusa kwa njiti ya kiberiti, sabufa ikapiga yowe mpaka muuza kahawa akamwaga. Mguu wake mmoja ulikuwa umeachia risasi ya kulehemu, ufa mwembamba kama unywele kuzunguka mguu. Tone moja la risasi, kwisha. Ndiyo maana siku hizi naanzia katikati, kwenye volyumu. Ukisikika kuanzia hapo kwenda kwenye spika, nusu ya redio umeshaiweka pembeni.

Mita usiitupe, lakini usiiamini kama sheikh. Mwezi wa pili nilimpimia mtu betri ikasoma 12.9, nikamwambia nzima, akarudi kesho yake amevimba. Betri ya ndani ya mita ndiyo iliyokuwa imechoka, na mita hizi zetu zikichoka husoma juu ya ukweli. Ningeipa ile betri balbu ya 21W dakika tano, ingejisema yenyewe.

Na nakuomba, hili dude lisisogee upande wa moto, ule ulioungana na umeme wa ukutani, wa pawasaplai ya TV wala ya chaja. Kapasita kubwa ya pale inabeba kama 325V, na hata ukichomoa plagi inabaki nazo. Hapo haitaungua 386 peke yake, ndugu yangu.

Boksi usinunue. Nimetumia gamba la redio kaseti iliyokufa: spika ipo mahali pake, matundu ya volyumu yapo, mlango wa mawe upo, na pale pa kaseti nimepanga balbu tatu zinaonekana kwa kioo. Wateja wananiuliza inashika stesheni gani.

Vifaa nimempa kijana anayekuja Dar, atakupakilia kwenye basi la Kilwa Jumanne. Mna 555, 386, 7809, balbu na rezista zake, kila kitu kimoja kimoja isipokuwa 317. Hizo nimeweka mbili, moja ni ya kuunguza.

Wasalaam,
Nduguyo Athumani