Miche ya chupani haina majirani

Uyole, Mbeya
Juni 14

Neema wangu, kamwene!

Ujumbe wako kwamba miche ya viazi iliyokuzwa chupani uliyoitoa maabara imesinyaa kama mchicha wa juzi nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakumbuka yangu. Usijilaumu kwa maji. Mwaka juzi nami nilipoteza zaidi ya nusu ya trei ndani ya wiki moja, na nilikuwa naamka usiku kuichungulia kama mzazi mwenye kichanga.

Kile kimche kimelelewa kitajiri mno. Ndani ya chupa unyevu unakaribia asilimia 100, sukari kinawekewa gramu 30 hivi kwa kila lita ya chakula, upepo hakuna. Jani halina nta ya kutosha, vitundu vyake vya kupumulia havijazoea kufunga, na mizizi ni nyuzi tu zisizo na vinyweleo. Kikikutana na upepo wa huku (wa kwenu Mafinga ndio hauna adabu kabisa), majani yanapoteza maji kabla mizizi haijapandisha mengine. Hayo tulifundishwa wote.

Lililonichelewa ni jambo la usafi. Mche wa shambani hukua katikati ya bakteria, na wengi wao ni majirani wema. Kimche cha chupani hakina jirani hata mmoja. Ukikipanda kwenye udongo ulioupitisha kwenye mvuke kuua vijidudu, anayewahi kubisha hodi mara nyingi ni kuvu wa kuozesha shina.

Sasa mimi nawatanguliza majirani. Siyo bakteria wale wa vifundo vya mizizi ya maharage; hawa hukaa kwenye ngozi ya mzizi, wengine huingia ndani kabisa. Mimi natumia Bacillus subtilis, kwa sababu hujifungia ndani ya ganda gumu na unga wake huvumilia kukaa stoo. Wapo pia Pseudomonas, na ipo aina moja inayoitwa PsJN, iliyotolewa kwenye mizizi ya kitunguu ikaja kuwa mkunga wa vimche vya viazi. Baadhi yao hutengeneza homoni ya kuchipusha mizizi. Wengine, na hapa ndipo niliposhangaa, hula malighafi ambayo mche huitumia kutengeneza ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi ulizozifungia kwenye gunia. Mche ukipata mshtuko huitoa kwa wingi, na ikizidi mizizi inadumaa.

Mwanzoni nilijitia ujanja. Niliwatia bakteria ndani ya chupa siku chache kabla ya kuhamisha, eti nawahi. Na ile sukari yote! Siku ya tatu chupa zilikuwa kama zimetiwa uji, miche imezama humo. Nilizimwaga nyuma ya banda kabla mama hajauliza.

Siku hizi nasubiri siku ya kuhamisha yenyewe. Naosha mizizi kwa maji ya uvuguvugu mpaka ule ute wa chakula uishe, maana ukibaki unaalika ukungu. Kisha nachovya mizizi kama nusu saa kwenye maji yenye bakteria wapatao milioni 100 kwa mililita. Lebo itakuambia upime unga kiasi gani. Tumia maji ya mvua. Ya bomba yana klorini inayowaua, yaache wazi usiku kucha kwanza. Na dawa ya shaba uiweke mbali kabisa siku hizo, haijui rafiki wala adui.

Nailoni bado utafunika, na utaifunua kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu. Bakteria hawazibi jani lisilo na nta. Muuzaji akikuambia unga huo unatibu mnyauko, mwitikie tu kwa adabu uondoke. Halafu baridi ya mwezi huu inawafanya nao wazubae, kwa hiyo ningekuwa wewe ningesubiri Septemba.

Trei moja usiipe kitu. Mimi niliacha moja, na ndiyo iliyonifunga mdomo: miche iliyobaki hai humo ilikuwa na mizizi ya kuhesabika, na nilikuwa nimeshaanza kudhani najidanganya.

Ukija Nanenane hapa viwanja vya John Mwakangale, nitakugawia pakiti moja. Usije mikono mitupu, lile dumu la ulanzi uliloahidi sijalisahau.

Ndaga fijo,
Atu