Dubu haangalii namba za kwenye boksi la risasi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, naishi huku Alaska kwenye rasi ya Kenai, kazi yangu ni samaki msimu wa samoni na msimu ukiisha nawinda kama watu wengine wa huku. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu bunduki za leva, zile za kuvuta mpini chini ya mkono ili risasi nyingine iingie, nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa raha, ya pili nimekunja uso. Mwandishi wenu kasifia, kapanga namba za spidi na nguvu kama anauza pikipiki, alafu akamaliza kwa kusema ukiwa na bunduki ya risasi za .45-70 mkononi dubu hana ujanja. Hapo ndo nikasema hapana, hii lazima niijibu.

Nimpe kwanza haki yake. Historia kaipatia: hiyo .45-70 ilianza kama risasi ya jeshi la Marekani mwaka 1873, 45 ni upana wa risasi kwa mia za inchi na 70 ni greini (kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi iliyokuwa inashindiliwa ndani, na mwaka 1886 kampuni ya Winchester wakaiweka kwenye bunduki ya leva aliyoibuni John Browning. Sawa kabisa. Ila karuka kitu ambacho msomaji wa Kiswahili kingemkaa kichwani kuliko vyote, kwamba mwaka 1909 Theodore Roosevelt, katoka tu kwenye urais, alishuka Mombasa na bunduki ya leva, Winchester ya 1895 ya kaliba .405, akaenda nayo mpaka porini na akawa anaisifia kwamba ndo dawa yake ya simba. Yaani hizi bunduki mnazoziita za cowboy zilishafika kwetu zamani sana.

Sasa tuje kwenye risasi, maana hapo ndo makala imepinda. Ukienda dukani ukaomba .45-70 unaweza kupewa maboksi matatu yanayofanana kabisa kwa nje na ndani ni vitu vitatu tofauti. Kuna ile ya kawaida, kichwa cha greini 405, yaani kama gramu 26, inatoka kwenye mtutu kwa spidi ya futi 1,330 hivi kwa sekunde, taratibu kweli, imetengenezwa hivyo kwa sababu bado kuna watu wana zile bunduki za 1873 na chuma chake hakihimili presha kubwa. Alafu kuna za moto, yaani za presha kubwa, zimeshindiliwa kwa ajili ya bunduki za leva za kisasa kama Marlin 1895 (hiyo 1895 ni jina la modeli tu). Na juu yake kuna nyingine za moto zaidi ambazo hata leva ya kisasa haifai kuzila. Ganda ni lile lile, zote zinaingia! Ukichukua ya moto ukaiweka kwenye bunduki kongwe inaweza kukupasukia usoni. Mwandishi wenu alisema tu nunua yenye nguvu kuliko zote. Jamani, mtu akifuata hiyo akiwa na bunduki aliyorithi kwa babu mkwe itakuwaje?

Kingine, namba ya nguvu kwenye boksi siyo inayomsimamisha dubu. Dubu dume wa kahawia wa pwani ya huku anafika kilo 600 na anaweza kupita, mabega ni misuli juu ya mifupa minene, na anakuja ameinamisha kichwa kwa hiyo unachokiona mbele yako ni pua, fuvu la mteremko na nundu. Kichwa cha risasi laini, kile kinachochanua kama ua kikigonga, ni kizuri sana kwa swala wa huku na kwa dubu mweusi mdogo, lakini kwa yule mkubwa kinaweza kuchanua mapema kikaishia kwenye nyama ya juu. Wazee wa huku wanataka kichwa kigumu, madini ya risasi yaliyochanganywa yakawa magumu, pua bapa na pana, greini 400 na kitu, hakichanui, kinachimba tu moja kwa moja kinavunja mfupa na kuendelea. (Sisi lugha yetu imeita kitu chote jina la madini, risasi, ndo maana nikimweleza mtu nyumbani inabidi nirudie mara tatu ni risasi ipi naiongelea.)

Na hiyo pua bapa haipo kwa ajili ya dubu tu. Bunduki nyingi za leva magazini yake, pale risasi zinapokaa, ni bomba chini ya mtutu, risasi zimepanga foleni, pua ya moja inagusa fataki, kile kidude cha kitako kinachowasha baruti, ya iliyo mbele yake. Ukiweka zenye ncha kali, bunduki ikipiga teke ile ncha inaweza kugonga fataki ikalipuka humo humo kwenye bomba, karibu na mkono wako wa kushoto. Ndo maana ya Roosevelt ilikuwa na magazini ya boksi, ile inaruhusu ncha. Hornady, watengenezaji wa risasi, nao katikati ya miaka ya 2000 wakaja na ncha laini kama mpira, imesaidia wawindaji wa mbali kidogo, maana ile ya kawaida ukiilenga kwa yadi 100 ikifika 200 imeshashuka zaidi ya futi moja, unalenga mgongo unapiga majani. Lakini kwa dubu anayekuja mbio nani anahesabu yadi 200, dubu anakimbia kama kilomita 56 kwa saa, mita 40 anazimaliza chini ya sekunde tatu.

Hizo sekunde tatu ndo sababu kubwa ya barua hii.

Mwaka wangu wa pili huku kuna mzee mmoja alinichukua tukafanye mazoezi kwenye kilima. Akaweka boksi la karatasi katikati ya tairi kuukuu, akaniweka chini, tairi likaachiwa juu likawa linabingirika kunijia, kazi yangu nilipige mara mbili kabla halijanifikia. Mimi nimeshapiga risasi nyingi tu nikiwa nimeegemea meza, najiona fundi. Risasi ya kwanza nikapiga, sijui hata imeenda wapi, nikavuta leva, nikarudisha, nikabonyeza, kimya. Leva sikuwa nimeifikisha mwisho, haraka imenifanya niivute nusu, ganda la zamani limekwama nusu ndani nusu nje, na mimi nimesimama naitikisa ile bunduki kama chupa ya ketchapu mpaka tairi likanigonga goti na kuendelea na safari yake. Mzee hakucheka, alisema tu panda kalilete. Tulirudia mpaka jioni, bega likavimba kwa sababu hizo risasi za moto kwenye bunduki fupi ya kilo tatu na kitu zinapiga teke la punda. Na hilo nalo ni tatizo lingine, mtu akishaogopa teke anafumba macho na kujikunja kabla hajabonyeza. Sasa hivi natembea na risasi za katikati, siyo za moto kuliko zote, kwa sababu hizo naweza kupiga ya pili. Kwa maoni yangu mimi, anayeiweza .30-06 yake, bunduki ya risasi nyembamba zaidi, vizuri kwa kichwa kizito yuko salama kuliko anayeiogopa .45-70 yake, najua kuna watu watanuna.

Alafu makala nzima haina hata mstari mmoja wa sprei ya dubu, ile ya pilipili. Kuna watafiti, Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao, walikusanya matukio ya Alaska ya watu kukutana na dubu. Mwaka 2008 walitoa ya sprei, matukio 83, kwa dubu wa kahawia ilimzuia asilimia 92. Mwaka 2012 wakatoa ya bunduki, matukio 269, bunduki ndefu zilifanikiwa asilimia 76, na waliokuwa na bunduki karibu na dubu waliumia sawa tu wakiitumia wasiitumie. Watu wanabishana huku, wanasema kwenye ile ya sprei dubu wengi walikuwa wadadisi tu siyo wa kushambulia, na upepo ukigeuka pilipili unaila mwenyewe, kweli. Mimi nabeba vyote viwili, sprei kifuani, bunduki begani, na mara mbili nilizowahi kufika hatua ya kutoa kitu nilitoa sprei. Mara moja hata sikubonyeza, alikuja mbio akasimama kama hatua kumi akapuliza pua akageuka. Ningekuwa nimeshapiga ningekuwa nimeua dubu wa bure.

Na ukimuua haujamaliza, hili mwandishi angepiga simu moja tu angeambiwa. Sheria ya Alaska inaruhusu kuua kwa kujilinda kama hukumchokoza na hukumvuta kwa takataka zako, lakini nyama yake siyo yako wala ngozi. Unamchuna mwenyewe hapo hapo, ngozi na kucha zake pamoja na fuvu unavikabidhi serikalini, unatoa taarifa mara moja na fomu inaandikwa ndani ya siku 15. Na kwa wale ndugu walioniandikia baada ya makala yenu kuuliza waje lini kuwinda: mgeni asiye raia wa Marekani huku lazima awe na gaidi mwenye leseni kwa mnyama yeyote mkubwa, siyo dubu tu, na simaanishi gaidi wa kwenye habari, namaanisha muongozaji. Mimi sina hiyo leseni, msinitumie hela.

Mwisho Mhariri, ile picha. Mmeandika chini yake grizzly, yaani dubu wa kahawia. Yule ni dubu mweusi, hana nundu mabegani, masikio marefu yamesimama, uso umenyooka. Rangi isiwachanganye, dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia kabisa. Naomba mrekebishe toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Rasi ya Kenai, Alaska