Barua ya wazi: Mheshimiwa, figo hii haijui Goma inatawaliwa na nani

Kwa Mheshimiwa uliyekabidhiwa dawa zetu,

Pokea salamu za heshima kutoka Goma, mashariki mwa Kongo. Sikupenda kukuandikia hadharani. Barua mbili za kwanza nilizileta kwa mkono, zikapigwa muhuri, na nakala ninazo bado. Muhuri ni mzuri sana.

Mwaka 2022, kule India, nilimpa mdogo wangu figo yangu ya kushoto. Tuliuza shamba la Masisi (leo mnunuzi angetoka wapi?). Tangu siku hiyo anameza takrolimasi asubuhi na usiku, na atameza maisha yake yote. Akiacha, mwili unaigeukia figo kama mvamizi.

Mji ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 alikuwa na vidonge vya siku 19. Maji yakakatika, tukachota ziwani. Yeye ambaye kinga yake inashushwa makusudi, nikamchemshia mara mbili kwa makaa ya mwisho. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege pia. Tukavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa, tukawabembeleza madereva watuletee dawa kutoka Kampala. Mara inakuja chapa nyingine, na chapa ikibadilika damu lazima ipimwe upya. Wapi?

Wewe ulisema redioni dawa ziko njiani. Njia gani, Mheshimiwa? Tarehe 30 Oktoba 2025 tulisikia pia kutoka kwenye mkutano wa Paris kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. Tukatazama juu.

Wiki iliyopita nilihesabu vidonge, nikakuta vimezidi. Vimezidi! Kumbe alikuwa anaruka dozi ya usiku ili avifikishe mwisho wa mwezi. Kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, imepanda. Ananiambia mimi mkubwa wake, "Yaya, sikutaka uhangaike tena."

Nadhani orodha za dharura zinaandikwa na watu wanaowaza risasi, kipindupindu na malaria. Siwalaumu, majeruhi walilazwa hadi koridoni. Ila mtu wa figo hatoki damu, hapigi kelele. Au labda mnabishana nani asaini karatasi, ninyi au waliopo hapa.

Siombi hospitali mpya. Hata amani siiombi leo. Naomba takrolimasi, ya chapa ileile, ya miezi mitatu. Ipite mpaka wa Bunagana kutoka Uganda, ipite Gisenyi, ije ndani ya gunia la maharagwe, sijali. Takrolimasi tu, Mheshimiwa.

Zimebaki za siku 11. Na figo niliyobaki nayo ni moja, siwezi kumpa tena.

Yaya wake,
Goma