Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wazoaji na Wachambuzi wa Taka, Nakuru

Ndugu wanachama, wanakamati na wageni waalikwa,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Tulizoa Kaptembwa, Rhonda, Shabab na Free Area. Usafi wa kila mwezi ulifanyika isipokuwa wakati wa mvua. Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ya kusafirisha taka ilihuishwa. Mkokoteni mmoja ulivunjika ekseli ukatengenezwa. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Muda uliobaki nautumia kwa uamuzi wa mwezi wa Machi, maana umejadiliwa sana vichochoroni na kidogo mno mkutanoni. Kamati iliamua mambo mawili: ghala lisipokee gunia la taka zilizochanganywa, na chupa za plastiki ziuzwe kwa pamoja zikiwa marobota, yaani mafurushi yaliyobanwa kwa mashine, si kila mtu kumuuzia dalali wake langoni. Wapo walioniita mkoloni. Haya.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imegawa mzigo. Mwenye ploti, duka au ofisi atenganishe zinazooza na zisizooza. Kaunti, iliyopewa kazi ya taka na Jedwali la Nne la Katiba, iweke vituo vya kuchambulia. Mzalishaji au mwagizaji naye, akiwa peke yake au katika mpango wa pamoja na wenzake, ana wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya mteja kuitupa. Kanuni za 2024 zimefafanua wajibu huo kwa vifungashio, vifaa vya umeme, betri na bidhaa nyingine. Kwetu maana yake ni kwamba yupo anayetakiwa kuonyesha chupa zake zimerudi, na wanaozirudisha ni sisi. Lakini chupa isiyo na karatasi ya uthibitisho haimsaidii. Dalali wa langoni haandiki tiketi ya mzani, kwa hiyo mkimuuzia yeye, kilo zenu zinakuwa jasho lake. Tiketi yetu ina nambari, tarehe, aina ya mali, kilo, mtaa ilikotoka na jina la mnunuzi. Nambari ipo ili kilo zilezile zisihesabiwe kwa wazalishaji wawili. Mzani wenyewe, nikumbushe, ulipatikana kwa barua nilizoandika mimi, ingawa mwaka huu sijasikia shukrani.

Kuhusu magunia yaliyochanganywa: chupa iliyolala na mabaki ya ugali na nepi hunuka, hulowa, na mnunuzi hukata uzito wa unyevu kwa kukisia, daima kwa faida yake. Kifuniko si plastiki ileile ya chupa. Kifuniko huelea majini na chupa huzama, hivyo kiwanda kinaweza kuvitenganisha, ila kifuniko kilichofungwa hushika hewa na robota halibaniki. Fungua, kanyaga, ndipo utie guniani. Shida kubwa ni zile lebo za kubana zilizovishwa chupa nzima. Baadhi ni PVC, plastiki ya aina nyingine, ambayo huzama pamoja na chupa na huungua kabla ya chupa kuyeyuka kwenye nyuzi 250 na ushee. Hutoa asidi, na plastiki yote iliyo karibu hugeuka manjano. Lebo chache tu zinaharibu mzigo. Chaneni lebo hizo kwa wembe, wekeni chupa za rangi kando. Na wanaotia mchanga ndani ya chupa ili mzani uongezeke, marobota mawili yamerudishwa kwa sababu yenu. Mchanga hula visu vya mashine ya kusagia.

Mnalalamika kwamba pesa huchelewa mpaka lori lijae. Ni kweli, na kamati ilijua. Tulipendekeza malipo ya awali kutoka kwenye akiba, lakini akiba ni ada zenu, na ada hazijalipwa. Kati ya wanachama 64, waliomaliza mwaka bila deni ni 23. Mikutano minne iliitishwa. Miwili ilikosa akidi ya 32, mmoja wao tulikuwa 11 nikijihesabu. Walio mbele kupinga uamuzi ndio ambao sahihi zao sizioni kwenye daftari la mahudhurio.

Betri za simu zisichanganywe na chupa kabisa. Mashine ikibana betri ya lithiamu, inawaka. Zibeni ncha zake kwa utepe, mziweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Betri za gari zisipasuliwe wala asidi isimwagwe mtaroni.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kuzungumza na mpango mmoja wa wazalishaji, na pia kaunti kuhusu uwanja wa kuchambulia, Mungu akijalia. Mashine ya pili ya marobota itategemea ada.

Orodha ya wadaiwa itabandikwa mlangoni pa ghala Jumatatu. Aliye na risiti aje nayo kabla ya hapo.

Mwenyekiti