Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi? Usihesabu kwa kutoa saa za tiketi

Karibu kila wiki hapa ofisini kwetu Mombasa, tunakokata tiketi za ndege, anakuja mtu na tiketi mkononi anauliza mbona tulimwambia masaa kumi na tano na yeye anaona nane. Juzi alikuja mama mmoja anaenda kumuuguza bintiye aliyejifungua, kidole kimoja kiko kwa 23:30 anatoka JKIA, eapoti ya Nairobi, kingine kiko kwa 07:30 anafika JFK, eapoti ya New York, anahesabu, ni nane hayo mwanangu. Nikamwambia mama, hiyo saa moja unusu asubuhi ni ya kule kwao, saa hiyo sisi huku ni saa nane unusu mchana, watu washapakua wali. Haya hesabu sasa kutoka saa tano unusu usiku, akahesabu, yakatimia kumi na tano.

New York wako nyuma yetu masaa 7 wakati wao wa joto na 8 wakati wa baridi, manake wao husogeza saa zao Machi na Novemba na sisi hatusogezi.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800. Boeing 787, ndiyo Kenya Airways walianza nayo safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, huenda karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hivyo ukigawanya unapata masaa 13 na kitu, na wateja wengine huishia hapo. Lakini huko juu kuna upepo mkali unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, ukienda unaupokea usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, ndo maana kurudi ni kama masaa 14. Na ndege haifuati mstari ulionyooka, kwa mfano vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga yake ikafungwa na ndege nyingi zikawa zinazunguka. Halafu saa za tiketi zinaanzia ndege ikiondoka pale ilipoegeshwa mpaka iegeshwe tena, sio ikiwa angani peke yake.

Ukipitia Doha au Dubai ni bei tofauti na safari tofauti, masaa 20 na zaidi, kutegemea utakaa kule muda gani.

Linaloniuma mimi hasa ni tarehe. Tiketi ikiandikwa 00:25 tarehe 12, Jumamosi, safari yako ni Ijumaa usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi, unatakiwa uwe eapoti tarehe 11 saa tatu za usiku. Kuna familia nimeiona imefika na masanduku yao na bibi yao kwenye kiti cha magurudumu, siku nzima wamechelewa, ndege ishaondoka jana yake usiku, na tiketi zilikuwa za kulipia upya. Yule bibi alikaa kimya tu ameshika pasipoti.

Tangu siku hiyo kila tiketi tunayokata hapa tunaandika kwa kalamu nyuma yake, kwa saa zetu za Kiswahili: utoke nyumbani siku gani, saa ngapi. Na kama unapanda treni ya SGR kutoka Miritini tuambie mapema, ni kama masaa matano au sita mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi, na bado hujafika eapoti, kwa hivyo ya mchana kwa ndege ya usiku uleule hatukushauri, panda ya asubuhi. Hata kama tiketi hukukatia kwetu ilete tu tukuandikie, hatutozi kitu.